Bubu wa Nyuma ya Turubai

Pale gatini kila mtu alimjua bubu wa Fundi, ingawa hakuna aliyewahi kumwona.

Walijua kwamba yuko nyuma ya turubai la kijani, katika ile nusu ya karakana isiyoonekana kutoka mlangoni. Walijua ni ndugu wa mbali, hasemi ila anasikia vizuri, na ana aibu ya watu. Walisikia nyundo yake. Walisikia spana ikianguka na kuokotwa. Fundi alikaa mbele kwenye kiti chake, mkono wa kulia umelala mapajani kama mzigo wa mtu mwingine alioombwa aushike, akipaza sauti: "Anza na nati ya propela! Taratibu!" Na nyuma ya turubai nati ilianza kulegea, taratibu.

Wenye mashua waliridhika. Wengine walimwachia bubu salamu. Nahodha wa mashua ya abiria, ambaye walimwita Honi kwa sababu hakujua kuongea kwa sauti ya chini hata msibani, kila akija alimwachia sigara. "Mpe bubu wako," alisema, "mtu asiyesema lazima avute kitu." Fundi alizipokea kwa mkono wa kushoto, na jioni alizivuta mwenyewe.

Bubu alikuwa mke wake.

Kwao, ng'ambo ya mto, mke huyo aliitwa Cheko. Jina alipewa na wenzake shuleni kwa sababu alikuwa akianza kucheka hajui kuacha, hata mwalimu akiwa amekasirika, hasa mwalimu akiwa amekasirika. Alikuwa mshonaji wa nguo. Fundi alimjua pale alipovuka na turubai la mashua lililochanika, akaomba ashonewe. Sindano zilivunjika, lakini turubai likashonwa. Wiki iliyofuata Fundi akarudi nalo, limechanika mahali pengine. Kisha akarudi tena. Mama yake Cheko akasema, "Huyu kijana analichana mwenyewe. Ama umwambie ndiyo, ama umwambie atafute kitambaa kigumu zaidi." Cheko alicheka mpaka akakaa chini, na akasema ndiyo.

Waliishi vizuri. Fundi alikuwa hodari wa mashine za mashua, na mashua zilitoka mbali kumfuata. Watoto hawakujaliwa, lakini nyumba haikuwa kimya. Halafu asubuhi moja, akiwa anainua mashine kutoka kwenye pipa la maji la kujaribia mashine, Fundi alianguka. Hospitalini walisema ni kiharusi. Alirudi nyumbani anaburuta mguu, na mkono wa kulia haukurudi naye.

Mashine zilikuwa zimejaa karakanani. Siku moja Cheko alimpelekea chai akamkuta ameshika bisibisi kwa mkono wa kushoto, anahangaika na skrubu moja, inateleza, anaanza upya, machozi yanamchuruzika na hayafuti kwa sababu hana mkono wa kuyafutia. Cheko aliweka kikombe chini.

"Acha nishike mimi," alisema. "Wewe niambie."

Alisema hivyo kwa huruma, kwa ajili ya skrubu ile moja. Hakujua kwamba ndivyo mtu anavyojifungia mlango kwa mkono wake mwenyewe.

Aliyeleta wazo la bubu ni wifi yake, dada mkubwa wa Fundi, aliyemlea Fundi tangu utotoni na mwenye kile kiwanja chenye karakana na vyumba vyao. Alikuwa mwanamke wa kuamua. Alisimama mlangoni siku ya pili, akamtazama Cheko aliyekuwa ameinamia mashine, akafunga mlango haraka.

"Wakijua mshona nguo ndiye anayefungua mashine zao, hakuna atakayerudi," alisema. "Watasema zimepigwa viraka."

"Ni kwa muda tu," Fundi alisema. "Mpaka mkono urudi."

Ndipo lile turubai la zamani likatolewa stoo, likatundikwa kwa waya katikati ya karakana.

Mkono haukurudi. Cheko aliingia karakanani asubuhi kabla mtu hajapita njiani, na alitoka jioni baada ya mlango kufungwa. Nyuma ya turubai palikuwa na meza ya mbao iliyolowa oili mpaka ikawa nyeusi, pipa la maji, na dirisha dogo juu karibu na bati, limewekewa wavu wa kuku. Mlango wa kutokea ulikuwa mmoja tu, ule wa mbele, alipokaa Fundi na wateja. Akija mteja mwenye haraka, nafuu. Akija mteja mwenye hadithi, Cheko amekwisha.

Alijifunza kupiga chafya ndani ya kitambaa. Alijifunza kukohoa nyundo inapogonga. Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa Honi, maana Honi alikuwa mtu wa vichekesho, na vichekesho vyake vilikuwa vizuri. Cheko alikuwa anang'ata mkono wa ovaroli, mabega yanamtetemeka, huku upande wa pili Fundi anasema, "Huyu bubu wangu kazi tu, hana utani." Siku moja mvua kubwa ilinyesha mchana, wanaume wakajazana karakanani kujikinga, wakakaa wakasimulia mpaka jioni. Cheko alibanwa na haja. Alivumilia, akavuka mguu huu juu ya ule, mwisho alichukua kopo la oili chafu akalitumia, polepole, ukingoni, lisitoe sauti. Kisha akalia bila kutoa sauti. Hakulia kwa aibu. Lilikuwa jambo la kuchekesha kuliko yote yaliyowahi kumpata, na hakuwa na wa kumsimulia.

Mtaani walimjua kama mke wa Fundi, mwanamke mwenye maringo, ashindaye ndani, asiyekwenda kumtazama mgonjwa wala mzazi. Akikutana na mtu njiani alificha mikono ndani ya mtandio, na watu waliona hataki hata kuwapa mkono. Ushahidi wa ukweli ulikuwa kucha zake. Hakuna sabuni iliyoweza kuzing'arisha.

Na kila siku, asubuhi, mashua ya Honi iling'oa nanga gatini kuelekea ng'ambo, kwao Cheko. Cheko aliijua kwa masikio. Alijua ikiwa plagi moja imechoka, alijua ikiwa propela imeguswa na kisiki. Alizijua sauti za mashine zote za mto ule kuliko mwenye mashua yeyote, na yeye mwenyewe hakukumbuka mara ya mwisho alipokanyaga ndani ya mashua.

Asubuhi moja, akimfunga mumewe vifungo vya shati, alisema, "Mdogo wangu amejifungua."

"Hongera yake."

"Ni wa kike. Wanasema ana sauti kubwa. Nataka niende nikamwone."

Fundi alitazama vifungo. "Tumalize kwanza mashine ya yule wa mashua ya mchanga."

"Ulisema hivyo kwenye harusi yake. Sikwenda."

"Sasa nifanyeje, mke wangu? Niwaambie bubu amekwenda kulea?"

Cheko alicheka, maana ilichekesha. Alipomaliza kucheka akagundua kwamba ameshafunga kifungo cha mwisho na hakuahidiwa kitu.

Mashine ya yule wa mchanga ilipoondoka, ikaja ya Honi.

"Oili yangu imekuwa chai ya maziwa!" Honi alipiga kelele tangu njiani. Aliitua sakafuni akafungua skrubu ya chini ya mguu wa mashine, pale penye gia, ili Fundi ajionee. Kilichotoka kilikuwa cheupe, kizito, kweli kama chai.

"Maji yameingia," Fundi alisema. "Sili ya shafti ya propela. Iache, bubu ataifanya."

Sili ni kipete cha mpira chenye mdomo mwembamba unaoikumbatia shafti, ule mhimili wa propela, inapozunguka. Kazi yake ni kuzuia oili isitoke na maji yasiingie. Kipete chenyewe kinatosha kwenye kiganja cha mtoto, lakini kikishindwa, gia zinaoga maji, zinaota kutu, na siku moja zinakwama katikati ya mto.

Honi alipoondoka Cheko aliivuta mashine nyuma ya turubai akaanza kazi. Alitoa propela. Kama alivyotarajia, uzi wa kuvulia samaki ulikuwa umejisokota kwenye shafti, umekaza, umejipenyeza mpaka kwenye sili na kuikata. Aliuchambua kwa ncha ya kisu. Kile kikombe cha aluminiamu kinachobeba sili kilikuwa kimegandia, akakimwagia maji ya moto kutoka kwenye birika, akakigonga pembeni kidogo kidogo mpaka kikakubali kutoka pamoja na shafti yake. Akazing'oa sili kuukuu, zote mbili, ya ndani na ya nje. Akafuta shafti kwa kitambaa, akaikagua.

Kwa macho ilikuwa nzuri. Akapitisha ukucha juu yake, na ukucha ukanasa.

Palikuwa na mfereji mwembamba kama unywele, umeizunguka shafti pale hasa ulipokuwa unakaa mdomo wa sili. Miaka ya kusuguana na mchanga wa mto ilikuwa imeila. Cheko alielewa mara moja, kama mshonaji anavyoelewa kwamba kitambaa kilichotoboka hakishonwi palepale kwenye tobo. Ukiweka sili mpya mahali pa ile ya zamani, mdomo wake utaangukia ndani ya ule mfereji, na maji yatapita.

Alichungulia pembeni mwa turubai. Mbele hapakuwa na mtu ila mumewe.

"Shafti imelika," alinong'ona. "Nadhani sili tusiishindilie mpaka chini. Tuiache juu kidogo, ikumbatie mahali pazima."

Fundi hakugeuka. "Sili inashindiliwa mpaka igote. Ndivyo nilivyofundishwa."

"Lakini ukipitisha ukucha..."

"Mpaka igote. Umeanza lini kunifundisha?"

Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali labda Cheko angembishia. Alisema kama mtu aliyechoka, na Cheko naye alikuwa amechoka, na mchovu hambishii mchovu. Alipaka grisi, akaweka sili, akachukua kipande cha bomba kinacholingana nayo, akagonga mpaka ikagota.

Honi alipoichukua mashine yake aliacha sigara kama kawaida.

Mashine ilifanya kazi siku si nyingi. Ikafika siku ya soko, mashua imejaa watu, mizigo, kuku, na mwanamke mmoja aliyekuwa anapelekwa hospitali. Katikati ya mto gia zikaanza kusaga. Honi akazima haraka kabla hazijavunjika. Mashua ikawa jani tu juu ya maji. Mkondo uliwachukua huku watu wanapiga kelele, ukawazungusha, mwisho ukawatupa kwenye fungu la mchanga, mbali huko mto unakoteremkia. Hakuna aliyekufa. Yule mwanamke wa hospitali alibebwa na watu waliokwenda kwa miguu.

Cheko hakujua hayo mpaka Honi alipoingia karakanani na mashine begani. Alimjua kwa hatua zake, maana sauti haikuwa yake. Honi alikuwa anaongea polepole, na hilo ndilo lililomtia Cheko hofu.

"Ile ile, Fundi," alisema. "Chai ya maziwa. Nilikuwa na watu ndani."

"Sili za siku hizi feki," Fundi alisema.

"Hizi nimekwenda kuzinunua mjini mwenyewe. Leo siachi mashine hapa. Nakaa mpaka ifungwe."

Akavuta ndoo, akaipindua, akaikalia. Mashine ilisukumwa chini ya turubai, na mikono miwili yenye glavu ikaipokea.

Cheko alifungua kila kitu upya. Mikono ilikuwa inafanya kazi, kichwa kilikuwa kwenye ile mashua. Aliwaona watu wale, aliyeshika mtoto, aliyeshika kuku. Alipofika kwenye shafti alivua glavu akapitisha ukucha, na ukucha ukanasa palepale. Fundi alikuwa anaelekeza kwa sauti, kila hatua, ili Honi asikie. "Safisha! Paka grisi! Weka sili ya ndani kwanza! Haya, gonga!"

Cheko aligonga, akaacha sili ikiwa juu kidogo. Akapima kwa kidole. Mdomo ulikaa kwenye chuma kizima, laini. Akashusha nyundo.

"Bado," Fundi alisema. Mkono ulikuwa umekufa lakini masikio yalikuwa mazima. "Haijagota. Gonga."

Cheko alitazama nyundo. Kisha akagonga meza, mara moja, kwa nguvu.

"Hiyo ni mbao," Fundi alisema. "Gonga bomba."

Nyuma ya turubai nyundo ililazwa mezani.

"Bubu! Nimesema gonga!"

"Sigongi."

Neno lilitoka kabla hajaamua kulitoa. Alilisikia kama limesemwa na mtu aliyesimama nyuma yake. Upande wa pili ndoo ilikwaruza sakafu. Honi alikuwa amesimama.

"Bubu amesema," Honi alisema. Akafikiri kidogo. "Na amesema kwa sauti ya kike."

Wifi, aliyekuwa mlangoni na birika la chai, alijibu bila kupepesa macho. "Ni redio hiyo."

"Redio hii hapa mbele yangu," Honi alisema. "Imezimwa."

Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa imefika mwisho. Cheko aliinua turubai akatoka. Ovaroli ya mumewe ilikuwa imekunjwa miguuni na kufungwa kiunoni kwa kamba, mikono ni myeusi mpaka kwenye viwiko, na mkononi ameshika ile shafti aliyoichomoa kwenye kikombe. Honi alimtazama kama mtu aliyemwona marehemu. Wifi alisema, "Rudi ndani!" Cheko akapita mbele yake, akapiga magoti mbele ya kiti cha mumewe.

"Weka ukucha hapa."

Fundi aligeuza uso.

"Nakuomba. Weka."

Honi ndiye aliyeinama kwanza, akapitisha ukucha wake mnene. "Unanasa," alisema. Ndipo Fundi akanyoosha mkono wa kushoto. Akapitisha ukucha, ukanasa. Akarudia. Akarudia tena, na Cheko akaona uso wa mumewe unabadilika. Hakuona hasira. Aliona hofu.

"Nilikuwa nayajua haya," Fundi alisema kwa sauti ndogo. "Zamani. Shafti ikilika, sili unaihamisha. Mimi ndiye niliyekuwa nawaambia wenzangu." Alimtazama mkewe. "Nilikuwa nayajua kabisa."

Cheko alibaki amepiga magoti. Muda wote alidhani mumewe ni mkaidi. Hakuwahi kufikiri kwamba ule ugonjwa haukuchukua mkono peke yake, kwamba ulipita ndani ya kichwa pia na kuokota hiki na kile, na kwamba mtu huyu alikuwa amekaa pale mbele kila siku anayashikilia yale machache yaliyobaki, anayarudia kwa sauti kubwa, asijulikane. Yeye alikuwa amefichwa nyuma ya turubai. Mumewe alikuwa amejificha mbele ya turubai hilohilo.

Honi hakuwa na muda wa hayo. "Mara ya kwanza nani alifunga?"

"Mimi," Cheko alisema.

"Ukajua haitakaa?"

Angeweza kumtazama mumewe. Hakumtazama. "Nilijua."

"Nilikuwa na watu, mama."

Honi alivuta pumzi, akarudi kwenye ndoo yake. "Funga," alisema. "Funga unavyojua wewe. Ukimaliza unapanda mashuani na mimi, tunavuka na kurudi. Ikivuja, inatuvujia sote wawili."

Cheko alifanya kazi palepale mbele, mlango wazi, watu wameanza kukusanyika njiani. Alirudisha shafti na kikombe, akakaza nati. Akaunganisha pampu ya baiskeli kwenye tundu la oili, akasukuma upepo, akapaka povu la sabuni kuzunguka shafti, akasubiri. Povu halikutoa hata kiputo kimoja cha hewa. Akajaza oili mpya, akasimama.

"Huendi popote na mwanamume," wifi alisema.

"Mwache, dada," Fundi alisema. Alikuwa bado anatazama kidole chake. Kisha akamuuliza mkewe, mbele ya watu wote, "Utarudi?"

"Sijui," Cheko alisema. Lilikuwa jambo la kweli zaidi alilowahi kumwambia tangu siku ya skrubu.

Walivuka. Cheko alikaa nyuma karibu na mashine, kiganja chake juu ya kifuniko. Maji yalikuwa mapana kuliko alivyoyakumbuka na mwanga ulimuumiza macho. Honi aliongea njia nzima, kwa sauti yake ya kawaida sasa, akitaka kujua kama sigara zake zilikuwa zinamfikia. Ng'ambo walifungua skrubu ya chini. Oili ilitoka safi, rangi ya asali.

"Haya, turudi," Honi alisema.

"Wewe rudi," Cheko alisema, akaanza kupanda ukingo wa mto na ovaroli yake.

Mdogo wake hakumtambua mpaka alipokaribia. Mtoto kweli alikuwa na sauti kubwa. Cheko alikataa kumpakata mpaka alipokwisha kusugua mikono kwa mchanga na majivu, na hata hapo alimshika kwa vitambaa. Alikaa kwao. Alilala mchana. Alikaa uani katikati, mbali na kila ukuta, na mdogo wake alipomwuliza kwa nini hakai kivulini alisogea juani zaidi. Alisimulia kisa cha kopo la oili chafu, wote wawili wakacheka mpaka mtoto akaamka.

Lakini kila mashua ilipopita, alikuwa akiisikia. Hii plagi. Ile propela. Hakuweza kuacha. Na wakati wa jioni aliwaza ni nani anayemfunga mumewe vifungo, na akakasirika kwa kuwaza hivyo, na akaendelea kuwaza.

Honi ndiye aliyeleta habari. Karakana ilikuwa wazi, alisema, ila kiti cha mbele kitupu. Wateja wanaingia, wanaita, hakuna anayejibu. Fundi alikuwa amehamia nyuma ya turubai. Anashinda humo, hataki kuonana na mtu.

Cheko alirudi siku hiyo. Alimkuta kwenye giza la nyuma, amekaa juu ya pipa lililofunikwa, chini ya lile dirisha la wavu.

"Pana joto huku," Fundi alisema bila kugeuka. "Hukuniambia kama pana joto hivi."

"Nilikuwa bubu."

Alikaa karibu naye. Alimwambia aliyokuja kumwambia, polepole, asije akayasahau: atafanya kazi, lakini mbele, mlango ukiwa wazi. Siku akitaka kuvuka atavuka, hata kama mashine zimepangana mpaka njiani. Na jambo wasilolijua watasema hawalijui.

"Watanicheka," Fundi alisema.

"Watacheka. Na mimi nitakuwepo."

Turubai lilishushwa asubuhi. Wifi akaacha kuleta chai. Wenye mashua kadhaa walihamia kwa fundi mwingine huko juu ya mto. Wengine walikuja kuangalia tu, kama watu wanaokwenda kumtazama mbuzi wa vichwa viwili, wakaondoka na mashine zao mikononi. Honi alibaki, na baada yake wakarudi mmoja mmoja, si wote.

Haikuwa kwamba mambo yalikaa sawa. Siku ambazo kazi ni nyingi Cheko huahirisha safari ya kwao, kisha huahirisha tena, na kuna asubuhi anaposimama mlangoni na ufunguo mkononi akajiona yuko nyuma ya turubai kama zamani, ingawa hakuna aliyemfungia. Mume ni wake, ugonjwa ni wa mume, na jambo hilo halina skrubu ya kufungua. Safari nyingine huondoka katikati ya kazi, bila kuaga vizuri, na Fundi huwaambia wateja, "Amevuka. Subirini au mwende." Ameanza kulisema bila kuinamisha kichwa.

Yeye hukaa kwenye kiti chake, karibu na meza. Mkono wa kushoto umejifunza kusukuma pampu. Kuna siku anapouliza, kwa sauti ya chini, sili ya nje mdomo wake unatazama wapi, jambo alilomfundisha Cheko yeye mwenyewe mwanzoni kabisa. Cheko huichukua sili, huigeuza mbele yake na kumwonyesha. Fundi hurudia maneno hayo taratibu, midomo ikitembea, kisha husema, "Haya," na kushika pampu.